Maktaba Kwanza, Dodoso Baadaye

Mhadhara kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie matumizi ya maktaba katika utafiti wa shahada ya kwanza. Najua mada hii haina mvuto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutembezwa maktaba nusu saa, akaonyeshwa rafu, akaambiwa asile humo wala asipokee simu, basi. Hairudii tena hadi mwaka wa tatu, siku msimamizi anapoandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa sura ya pili: marejeo yako wapi? Hapo ndipo mbio zinapoanza. Dodoso zimeshajazwa, data zimeshaingizwa kwenye kompyuta, tarehe ya kukabidhi imekaribia, na mwenzetu anatafuta waandishi kumi na watano wa kuwataja ili sura ijae. Leo nimekuja kuubishia utaratibu huo. Ninavyoona mimi, maktaba ndipo mahali swali la utafiti linapotengenezwa, na anayekwenda huko baada ya kukusanya data amekwenda kupamba kazi ambayo kasoro yake imekwisha ingia.

Nendeni Mwaloni Kirumba asubuhi yoyote, dagaa wakishushwa kwa magunia. Nilimsikia pale mama mmoja mfanyabiashara akizungumza na binti wa chuo aliyekuja na karatasi zake. Binti alisalimia vizuri, "Shikamoo mama," akajitambulisha, akaeleza anachotafuta. Mama akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, mwaka jana alikuja mwenzako na karatasi kama hiyo. Mwaka juzi vilevile. Wote mnaniuliza umri, nimesoma hadi darasa la ngapi, na changamoto zangu ni zipi. Si niliwaambia?" Alijibu hata hivyo, huku mikono yake ikiendelea kuchambua dagaa. Binti aliandika, akashukuru, akaenda kwa mama wa pili.

Binti yule hakufanya kosa la adabu. Ila hakuna aliyemwonyesha kwamba majibu ya maswali yake matatu ya kwanza yapo tayari kwenye karatasi za watu wengine, na kwamba saa ya yule mama ingeweza kutumika kuuliza jambo ambalo hajawahi kuulizwa.

Watu na samaki wa mwambao huu wa Ziwa Victoria wamechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alilizunguka ziwa akipima samaki na nyavu, kwa kuwa ngege walikuwa wameanza kuadimika. Ripoti yake ilichapishwa 1929, na ndani yake alitahadharisha kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa pasipo utafiti wa kina kutangulia. Mwaka 1960, ubishi kuhusu kuleta sangara, samaki wa aina hiyohiyo, ulipokuwa umepamba moto, Geoffrey Fryer alichapisha makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki akiupinga mpango huo. Sangara walikuwa wamekwisha tiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliojulikana kwa kifupi kama HEST, wakaanza kazi katika Ghuba ya Mwanza. Walikuja kuhesabu na kuainisha samaki waitwao furu. Wakiwa katikati ya kazi, sangara wakawafikia. Katikati ya miaka ya 1980 nyavu zilizozoea kutoka na furu zikawa zinatoka na sangara.

Kwa hiyo ghuba hii mnayoiona mkitoka bwenini ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako aina nyingi kiasi kile za samaki zilipotea mbele ya macho ya watu waliokuwa na daftari mkononi. Frans Witte na wenzake walichapisha maelezo ya tukio hilo mwaka 1992. Miaka mitano baadaye Ole Seehausen na wenzake wakaandika katika jarida la Science kwamba maji yanapochafuka, furu jike hawezi tena kutofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwenye miamba ya huku kwetu, jamaa ya hii mnayopandia jioni kupiga picha. Baadhi ya furu waliovuliwa hapa siku zile leo wamo kwenye chupa za makumbusho mjini Leiden.

Sasa chukueni pendekezo la kawaida la mwaka wa tatu: athari za uvuvi haramu kwa maisha ya wavuvi, kata fulani, wilaya fulani. Sina ugomvi na mada. Ugomvi wangu ni ile sentensi ya tatu au ya nne inayodai kwamba tafiti chache sana zimefanyika kuhusu Ziwa Victoria. Aliyeiandika hakwenda kuangalia. Ameirithi kwenye desa, yaani ripoti ya zamani ya kunakili, na aliyemwachia desa aliirithi vilevile.

Mwanafunzi aliyewasoma Graham na Witte anauliza mengine kabisa. Anaweza kuuliza: wavuvi waliopita miaka sitini katika mwalo mmoja wanakumbuka majina mangapi ya furu, na vijana wao wanajua mangapi? Hilo ni swali la mtu mmoja, mwalo mmoja, wiki tatu na nauli ya daladala. Linatosha shahada ya kwanza, na mimi sijaona aliyelijibu. Wanafunzi wengi hudhani kusoma sana kutawafanya waone kila kitu kimekwisha semwa. Mimi nimeona kinyume chake: asiyesoma ndiye anayeuliza swali kubwa lisilobebeka, kwa kuwa hajui wengine waliishia wapi.

Kwa wale wa Bugando na fani za afya, nina mfano ambao ningependa kila mmoja wenu aujue, maana umebeba jina la mji wetu duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika hapa mkoani utafiti kuhusu magonjwa ya zinaa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Jamii 12 ziligawanywa makundi mawili: sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati, wahudumu wakafundishwa na dawa zikapatikana, sita nyingine zikasubiri. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliingizwa katika utafiti huo wa miaka miwili. Makala ya Heiner Grosskurth na wenzake ilitoka katika The Lancet mwaka 1995, na matokeo yake ni kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizoboreshewa huduma.

Mwanafunzi mvivu anaishia hapo. Amepata namba nzuri, amepata jina la Mwanza, anahitimisha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza Ukimwi. Lakini vukeni ziwa. Mwaka 1999 jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa Rakai, Uganda, ulioongozwa na Maria Wawer. Kule walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakiwapa watu wote dawa, mwenye dalili na asiye nazo. Maambukizi ya virusi hayakupungua.

Nani mkweli? Hapo ndipo maktaba inapoanza kuwa tamu. Mwaka 2000 watafiti wa pande zote mbili waliandika pamoja, katika jarida lilelile, kueleza kwa nini majibu yalitofautiana. Ugonjwa ulikuwa katika hatua tofauti: Mwanza wenye virusi walikuwa takriban asilimia 4 ya watu wazima, Rakai takriban asilimia 16. Tena Mwanza matibabu yalipatikana siku zote kwa mwenye dalili. Rakai yalikuja kwa awamu kwa kila mtu. Makala tatu, mtu anaweza kuzisoma kwa siku mbili. Aliyesoma ya kwanza peke yake anajua kitu kimoja ambacho ni nusu. Aliyesoma zote tatu amejifunza jinsi sayansi inavyobishana na ubishi ukazaa maarifa, na somo hilo hamlipati katika kozi ya mbinu za utafiti hata mkifaulu kwa A.

Makala kama hizo zinafikiwaje? Kwa njia mbili ambazo wakutubi wamechoka kuwaeleza. Ukishika makala nzuri, pitia orodha ya marejeo yake mwishoni. Hiyo inakurudisha nyuma kwa waliotangulia. Kisha ifungue katika Google Scholar, ubofye pale panapoonyesha waliotaja makala hiyo baadaye. Hiyo inakupeleka mbele. Ya 1995 itakufikisha 1999, na ya 1999 itakufikisha 2000. Kazi nzima inachukua dakika tano na bando dogo.

Rafu nazo zina hila zake. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, mtu anayechunguza ziwa atatembea sana: samaki kama viumbe wako 597, uvuvi uko 639, uchumi wa maliasili uko 333, na historia ya Tanzania iko 967.8. Anayesimama kwenye rafu moja na kusema hakuna vitabu ameangalia mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne. Tena majina hubadilika. Ngege katika maandishi ya zamani aliitwa Tilapia esculenta, siku hizi ni Oreochromis esculentus. Ukitafuta kwa jina jipya tu, Graham na kizazi chake chote hutawapata. Wajerumani waliandika Muansa. Waingereza waliuita mkoa mzima Lake Province, na ziwa mara nyingi Victoria Nyanza. Andikeni majina yote kwenye karatasi kabla hamjagusa kibodi.

Na kuna vitabu ambavyo mpangilio wenyewe unavificha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ilipita miaka 35 kabla haijawa kitabu: ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, Tanzania Publishing House, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Kwa kuwa ni riwaya ya Kiswahili, Dewey inaipeleka 896, huko kwa watu wa fasihi, na mwanafunzi wa sosholojia anayeandika kuhusu ugumba, mahari, ukwe, kilimo au uganga katika visiwa vyetu hapiti huko. Anakwenda kutafuta mwandishi wa Marekani aliyeandika kuhusu Afrika kwa jumla. Kitereza alikuwa mtu wa Ukerewe, alijua anachosema, na alikiandika kwa kusudi la kukihifadhi. Mpeni nafasi katika sura ya pili. Ni kweli riwaya haitumiki kama takwimu. Hutumika kama ushahidi wa jinsi mtu wa mahali alivyoyaelewa mambo ya mahali pake, na mnapaswa kuihoji kama mnavyomhoji shahidi mwingine.

Hali ni hiyohiyo kwa Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, ambaye kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma kilitoka 1953. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika sehemu ya Afrika Mashariki. Zina utajiri, lakini kumbukeni nani alimlipa mshahara na aliwahoji akina nani. Mila iliyosemwa na watemi na wazee wa baraza mbele ya mtu wa serikali si lazima iwe ndiyo waliyoiishi wanawake mashambani. Ukimaliza Cory, panda gari la kwenda Kisesa ukaangalie Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, halafu mfuate Andrew Maguire, ambaye mwaka 1969 alichapisha kitabu juu ya siasa za Usukuma kuelekea Uhuru. Kwa anayechunguza pamba na ushirika wa Paul Bomani na vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa, hakuna pa kuanzia pazuri zaidi. Nyaraka zenyewe za serikali nazo hazihitaji kila mara safari ya Dar es Salaam: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo hapa Mwanza. Ombeni barua ya utambulisho chuoni mapema, maana barua hizi hazina haraka na mtu.

Nije kwenye maktaba isiyoonekana, ile ya mtandaoni. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu ni mali iliyolipiwa au iliyotolewa bure na haitumiki. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, ili taasisi za nchi za kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaanzisha Agora kwa kilimo na uvuvi. Siku hizi zote ziko chini ya mwavuli wa Research4Life. Majarida ya bara letu yanapatikana AJOL, iliyoanza 1998. Vyuo vyetu na taasisi za utafiti vina umoja wao wa maktaba, COTUL, unaosaidia kupata hifadhidata kwa pamoja badala ya kila chuo kuhangaika peke yake. Sasa mwanafunzi anabofya makala, ukurasa unamdai dola thelathini na kitu, anafunga simu na kuandika kwamba hakuna maandishi. Nywila iko kwa mkutubi. Muulizeni. Na ikishindikana, mwandikieni mwandishi mwenyewe barua pepe fupi yenye adabu. Anwani yake mara nyingi imo kwenye ukurasa wa ikisiri, na wengi hufurahi kwamba kuna mtu Mwanza anataka kuwasoma.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache, kwa kuwa najua mnaitumia na sina nia ya kuwa polisi. Programu hizi zinaweza kukutungia rejea yenye jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoelekea kuwa wa kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kwa hiyo msitaje chochote ambacho hamjakifungua kwa macho yenu. Makala ikikosekana katika jarida lenyewe, katika katalogi na kwa mkutubi, iondoeni. Wapo pia wenye majarida ya kulipia yanayochapisha lolote ndani ya siku tatu. Majarida hayo waonyesheni wakutubi kabla hamjayaamini.

Nimelitaja desa. Wengi wetu tunajua pa kulipata: steshenari iliyo jirani na geti, kwenye kompyuta ya muuzaji, kuna folda zenye ripoti za miaka mingi zikiwa na majina ya idara. Mwanafunzi analipa, anabadilisha jina la kata, anabadilisha mwaka. Tunalaani, na tuna haki ya kulaani. Lakini jiulizeni kwa nini mwenye steshenari ndiye aliyebaki na ripoti hizo. Ni kwa sababu sisi wa idara tunapokea nakala ngumu, tunatoa alama, tunazitia kwenye boksi, boksi linakwenda stoo. Kwa utafiti wa shahada ya kwanza, steshenari imekuwa na kumbukumbu nzuri kuliko sisi. Mwanafunzi aliyefanya kazi ya kweli na yule mama wa Kirumba mwaka juzi, akaandika bei, msimu na mikopo ya wachuuzi, kazi yake haipo katika katalogi yoyote. Anayemfuata hawezi kuijua hata akitaka. Basi anarudi Mwaloni kuuliza umri na darasa.

Kwa hiyo ombi langu linaanza na wakuu wa idara mlioko hapa. Ripoti zilizofaulu vizuri zipelekwe kwa mkutubi zikiwa nakala laini, pamoja na dodoso zilizotumika, ziingizwe katika hazina ya machapisho ya chuo kwa jina la kata, mwalo, mada na mwaka. Majina ya waliohojiwa yaondolewe kwanza. Mpango huo hauhitaji mfadhili wala jengo jipya. La pili ni kwa wasimamizi: msisaini dodoso ambayo haijaambatana na ukurasa mmoja unaosema nani aliuliza jambo hili kabla, alipata nini, na mwanafunzi huyu anaongeza nini. Mkiuanza utaratibu huo muhula ujao, wa mwaka wa pili waliokaa hapa ndio watakaokuwa wa kwanza kufaidika.

Nanyi wa mwaka wa pili, msisubiri idara. Maktaba inafunguliwa kesho asubuhi. Nendeni mkiwa wawili wawili, swali lenu likiwa limeandikwa kwenye karatasi, na mkifika msianze na rafu. Anzeni na mkutubi aliye kaunta, mwambieni mnachotaka kujua, kisha mkae mumsikilize.